Mto Uliohamia Ukutani

Asubuhi lori la kwanza lilipofika mtoni, Mbuke alikuwa amepiga magoti kando ya kisima chake, mkono wa kulia umezama mchangani mpaka begani, akichota maji kwa kata na kuyamimina mtungini. Maji ya mchangani hayana haraka. Ukichota kata moja unangoja yajikusanye tena, na katika kungoja huko ndiko wanawake wa Nyashimba walikopata habari zote: nani kajifungua, nani karudishwa kwao, ng'ombe wa nani kalala jioni na asubuhi hakuamka. Mto wenyewe ndivyo ulivyokuwa. Masika uliteremka ukiunguruma, kisha ukaingia chini ya mchanga wake ukalala huko mpaka mvua nyingine, na watu wakaufuata kwa kuchimba. Kila ukoo ulikuwa na kisima chake na kila kisima kilikuwa na ladha yake. Cha Mbuke kilikuwa na ladha ya chuma kwa mbali, na mama mkwe wake, bibi Mageni, hakutaka maji ya kisima kingine hata ya kumezea dawa.

Lori likasimama ukingoni. Akashuka nyapara Pantaleo, Mhaya wa Bukoba, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kazi. Akachota mchanga kiganjani, akaupuliza, akautia mdomoni, akautafuna kidogo, akautema.

"Huu ndio wenyewe," alimwambia dereva. "Hauna udongo hata chembe."

"Mnautakia nini, baba?" Mbuke aliuliza, mkono bado umo kisimani.

"Tunajenga, mama. Saruji bila mchanga ni unga tu."

Hakusema uongo. Mgodi wa dhahabu ulikuwa juu ya kilima upande wa Geita, mwendo wa nusu kutwa kutoka mtoni, na mwaka ule wakubwa wake waliamua kuachana na nyumba za miti na udongo. Walitaka ofisi ya saruji, ghala la saruji, nyumba za wazungu zenye kuta na sakafu za saruji, na msingi mnene wa kukalia mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Saruji ilikuja kwa gari moshi mpaka Shinyanga, ikapakiwa kwenye malori, ikamwaga vumbi lake njia nzima juu ya migunga, mpaka nyuki wakaacha kutua mauani na mizinga ya njiani ikabaki mitupu. Na saruji ni mgeni mlafi. Mfuko mmoja ukiingia mahali unataka kulishwa makarai na makarai ya mchanga kabla haujatulia.

Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alikubali bila hata kukuna kichwa. Asilaumiwe peke yake, maana hakuna mtu wa Nyashimba ambaye angekataa. Mchanga wa mtoni haukuwa mali ya mtu. Kila kiangazi waliuchimba na kuutupa pembeni, na kila masika mto uliusawazisha na kuleta mwingine. Mtu aliyekuja kuomba mchanga alikuwa kama mtu aliyekuja kuomba upepo. Ungemnyima, watu wangekushangaa.

Tena ulikuwa wakati wa ngoma. Mavuno yalikuwa ghalani, na kama ilivyo desturi ya Wasukuma, watu walikwisha gawanyika, Bagalu huku na Bagika kule, kila upande na manju wake, dawa yake ya kuvuta watu, na matusi yake matamu ya kuimbia wenzao. Manju wa Bagalu alikuwa Bujiku, mume wa Mbuke. Manju wa Bagika alikuwa Jilala, mwenye sauti nzuri zaidi, ingawa nyumbani kwa Mbuke jambo hilo halikutajwa.

Pantaleo hakuwa Msukuma, lakini hakuwa mjinga. Aliweka lori la Bagalu ukingo wa mashariki na lori la Bagika ukingo wa magharibi, akatangaza kwamba upande utakaotoa mchanga mwingi utachinjiwa fahali na mgodi. Angeajiri vibarua, wangechimba kivibarua. Alipoita ngoma, walichimba kama watu waliorogwa. Walirusha mabeleshi hewani na kuyadaka kwa mdundo, wakazama mchangani mpaka magotini, kisha kiunoni, ngoma zikilia ukingoni na wasichana wakija hata kutoka njia ya Tinde kutazama. Bujiku aliimba kwamba Jilala anachimba kama kuku anayetafuta mchwa. Jilala akajibu kwamba Bujiku ana mdomo mpana kuliko beleshi lake. Bwana Mkubwa wa majengo, mzungu mrefu mwenye kofia ya jua, alikuja kutazama, akapiga picha, akacheka, akaongeza malori.

Mbuke naye alipiga vigelegele, kwa nini asipige? Alikuwa mke wa manju. Lakini siku moja alikuta ukingo wa kisima chake umemomonyoka, na jioni akamwambia mumewe akiwa anampakulia ugali.

"Baba Klara, mchanga unapungua."

"Utarudi. Umepata kuona mto ukakosa mchanga?"

"Sijapata. Lakini na malori sijapata kuyaona."

Bujiku alikuwa anajipaka samli mikononi, mahali palipochubuka. "Jilala amefika kwenye changarawe," alisema. "Tukilegea sasa, mama, tumekwisha."

Bagalu hawakulegea. Walishinda. Walishinda kwa sababu upande wao ulifika mwisho kwanza: beleshi la Bujiku liligonga mwamba, likalia, na watu wote wakashangilia mlio ule. Mcheza kwao hutunzwa. Bujiku alibebwa mabegani mpaka uwanjani, fahali akachinjwa, na hata Bagika walikula, maana nyama haina upande.

Kesho yake alfajiri Mbuke alichukua mtungi akaenda kisimani. Hapakuwa na kisima. Kulikuwa na mwamba, mkavu, wa kijivu, mtupu kutoka ukingo mpaka ukingo, kama kichwa kilichonyolewa kwa msiba. Alitembea juu yake akisikia nyayo zake zinapiga kwa sauti, na tangu azaliwe hakuwahi kusikia nyayo zake mtoni. Akatua mtungi, akakaa kando yake, akakaa tu. Wanawake wengine walifika mmoja mmoja, wakatua mitungi yao, wakakaa. Hakuna aliyesimulia habari yoyote ya mtu aliyejifungua.

Aliporudi nyumbani mikono mitupu, alimkuta bibi Mageni amesimama zizini na kikombe. Kila asubuhi ya Mungu mzee huyu alinyunyizia maji mahali alipozikwa mumewe, katikati ya zizi la ng'ombe kama wanavyozikwa wenye kaya, na matone ya mwisho aliyapeleka upenuni, nyuma ya nyumba, alipolala mtoto wa kwanza wa Mbuke, ambaye aliishi muda wa kutosha kupewa jina tu, kabla Klara hajazaliwa. Wafu wana kiu kuliko walio hai, bibi Mageni alizoea kusema, maana wao hawawezi kwenda kisimani.

"Maji yako wapi?" aliuliza.

"Mchanga umekwisha, mayu."

Mzee alikigeuza kikombe chake juu chini, akakikung'uta. "Mchanga hauishi," akasema. "Unakuwa mahali pengine."

Kiangazi kilichobaki walichota maji kwenye lambo la mbali, maji mazito ambayo ng'ombe walikwisha kuingia, na wafu wakanyunyiziwa hayo hayo wakayanyamazia. Bujiku akaanza kusema habari za kuhamia Buzinza, magharibi, kama walivyofanya wengi miaka ile, ambako inasemekana nyasi hufika kiunoni. Mbuke alisikiliza akakunja uso. Mtu akihama hubeba vyungu, hubeba mitamba, hubeba hata mlango. Kaburi halibebeki. Alimwona mtoto wake pale upenuni, peke yake, paa likianguka juu yake na hakuna hata mmoja wa kumpa tone. Akaapa moyoni kwamba yeye hatoki.

Huko kilimani saruji iliendelea kukorogwa. Maji meupe waliyoyaoshea makarai na mashine ya zege waliyamwaga bondeni, na mahali pale nyasi zilikauka zikawa na ganda kama ukoko wa ugali chunguni. Mbuzi wa Jilala walikwenda kunywa kwenye dimbwi lile. Walirudi midomo imebabuka, wakafa wakiwa wamesimama. Jilala alikwenda kulalamika, akaambiwa mbuzi hawana kazi mgodini, akarudi.

Kisha mvua zikaanza.

Mto ulisikika kabla ya kuonekana, kama kila mwaka, na watu wakatoka kuusubiri ukingoni, wengine na watoto migongoni. Uliteremka mwekundu, na povu na vijiti mbele yake, mpaka pale mchanga ulipokoma na mwamba ulipoanza. Hapo ukasimama. Ulisimama kwa muda wa mtu kuvuta kiko akamaliza, ukijazana nyuma, ukiugusa mwamba na kurudi, ukiugusa na kurudi. Kisha ukapanda ukingo wa mashariki, ukaingia kwenye njia ya malori, ukaanza kupanda kilima.

"Umekwenda kuufuata mchanga wake," mwanangwa alisema.

"Ungefanya nini?" alijibu bibi Mageni, ambaye alikuwa ameletwa akishikwa mkono. "Hata wewe ukirudi safari ukakuta kitanda kimechukuliwa, si utauliza kimepelekwa wapi?"

Watu wakaafiki kwamba ni haki. Wachache walikimbia kando ya mto na madebe, wakachota kilichowahi kuchoteka. Bujiku alisimama mikono kiunoni akiutazama unavyokwea.

"Umeshika njia ya upande wetu," alisema. "Umepita ukingo wa Bagalu. Jilala ameona mwenyewe."

Mbuke alimgeukia mumewe, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Jambo la mto kupanda kilima halikumshtua. Mto ni mtu mzima, una miguu yake. Kilichomshtua ni uso wa Bujiku. Uso ule ulikuwa na furaha.

Mto ulipofika kwenye lango la mgodi, askari wa lango aliuruhusu, kwa kuwa hakuambiwa chochote kuhusu mito. Ukajigawa. Tawi moja likaenda ofisini, jingine ghalani, mengine kwenye nyumba za wazungu, na lile kubwa likaenda kwenye msingi wa mashine, na yote yakaingia ukutani. Jua lilipotua njia ilikuwa kavu, na kuta zote za mgodi zilikuwa na ubaridi. Bibi wa nyumba ya kwanza alimlalamikia mumewe kwamba vyura wanalia nyuma ya kichwa cha kitanda. Fundi akaitwa, akabandua lipu, akakuta kambale amejilaza, akairudisha lipu taratibu asimwumize.

Wanawake wa Nyashimba walifuata alama za mto kesho yake. Hawakupiga kelele, hawakuomba ruhusa. Nani huomba ruhusa kwenda kisimani kwake? Walitembea kando ya kuta wakiziramba. Mmoja alikuta kisima chake ghalani, mwingine nguzoni. Kisima cha Apolonia, mke wa Jilala, kilikuwa chumbani kwa Bwana Mkubwa wa majengo, kwa hiyo ilimbidi abishe hodi, angoje bibi wa nyumba avae, aingie, achote, ashukuru, atoke. Mbuke alikipata chake ukuta wa nyuma wa ofisi, chini ya dirisha. Aliuramba ukuta, akakuta ile ladha ya chuma kwa mbali. Akasukuma mkono. Ukaingia mpaka begani. Akachota kata moja, akangoja, akachota nyingine, na machozi yakamtoka pale pale, akayaacha.

"Wabeja," aliushukuru ukuta.

Siku ile bibi Mageni alinyunyiza zizini mpaka mtungi ukapata nafuu ya uzito, na upenuni Mbuke alimwaga mwenyewe. Njia ilikuwa ndefu, lakini ilikuwa njia. Bujiku akanyamaza habari za Buzinza. Kwa muda mambo yakawa hivyo: asubuhi wanawake ukutani, mchana ng'ombe wamesimama kwenye kivuli cha ghala wakilamba zege, jioni vyura. Wazungu walizoea. Kijana mmoja wa kizungu alikaa dirishani na ndoana akapata samaki kwenye kizingiti.

Ila mto haukujengwa kwa kukaa. Mto una mwendo wake hata ukilala, na kuta zikaanza kupasuka. Ofisi ikapata ufa wa kupitisha kidole, nyumba ya tatu ikainama kidogo, na hayo yote yangevumilika. Lakini msingi wa mashine ulisogea. Ulisogea upande mmoja, mashine zikagoma, na dhahabu haikusagwa siku ile wala iliyofuata. Hapo ndipo mto ukawa tatizo.

Bwana Mkubwa wa majengo alizunguka na fimbo yake akigonga kila ukuta na kuusikiliza. Alikuwa mtu wa elimu na hakubisha kwamba ndani mna mto. Alisema tu kwamba kuta zilijengwa kwa kukadiria nyumba bila mto, na kwa nyumba yenye mto zilikuwa nyembamba. Dawa yake ilikuwa kuongeza unene: kila ukuta uvalishwe ukuta mwingine, na msingi wa mashine uzungushiwe zege mara mbili ya lile la kwanza. Siku ile ile malori yote yakatumwa Shinyanga kungojea saruji. Huku nyuma mafundi wakazungusha seng'enge kilima kizima, wakatoboa ukuta wa ofisi, wakatia bomba.

Wanawake walipofika waliukuta waya. Pantaleo alisimama ndani yake, suruali imenyooka.

"Kina mama, sikilizeni vizuri," alisema. "Maji hamjanyimwa. Yapo, na bomba lipo. Ila mgodi unahitaji mchanga, na malori yana kazi. Debe la mchanga, debe la maji. Mchanga uwe safi, wa chini, usio na udongo. Mkileta wa juu nitaumwaga."

Apolonia akauliza kama amesikia sawasawa, akaambiwa amesikia sawasawa.

"Baba," Mbuke akasema, "mchanga wetu si ndio huo? Umo humo ukutani."

"Ndiyo, mama. Umo."

"Sisi tuliwapa."

"Mlitupa. Na fahali mkala."

"Basi bomoeni ukuta mmoja tu. Huo mdogo wa ofisi. Mturudishie mchanga, na mto utarudi wenyewe, hamtausukuma."

Pantaleo hakucheka wala hakukasirika. Hakuwa mtu mbaya, na yeye alikuwa na mama yake Bukoba. Alimtazama Mbuke kwa huruma, kama mtu anayemweleza mwenzake kuwa mgonjwa amekwisha kukata roho.

"Mama," akasema, "nyumba imekwisha kujengwa."

Mbuke aliushika waya. Alitegemea mtu apige kelele, mwanamke mmoja tu ajirushe chini, mwanangwa aitwe, ng'ombe waingizwe kwa nguvu. Alitazama kushoto na kulia. Wenzake walikuwa wanaulizana mchanga safi unapatikana wapi.

Ulikuwapo mahali pamoja tu pa kufikika kwa miguu: mto Sayu, upande wa pili wa kilima. Mwanangwa alipopelekewa habari alisema masharti si mabaya, maana debe kwa debe ni sawa kwa sawa, na mchanga wa Sayu hauna mwenyewe, kila masika huletwa mwingine. Maneno hayo aliyasema mbele ya mwamba mtupu wa Nyashimba, ameupa mgongo.

Bujiku alitunga wimbo. Ulikuwa wimbo mzuri sana, pengine mzuri kuliko zote alizotunga, unaosema kwamba manju mwingine huvuta watu, lakini Bujiku amevuta mto ukapanda kilima. Uliimbwa mpaka Mhunze. Bwana Mkubwa wa majengo alielezwa maana yake, akafurahi, akampa kofia.

"Wewe utaimba mpaka lini?" Mbuke alimwuliza.

"Unataka nilie?"

"Ndiyo," Mbuke alisema. "Hata kidogo."

Bujiku aliivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Basi twende Buzinza," akasema kwa upole. "Nimesema tangu zamani. Wewe na mama ndio mmekataa."

Zizini bibi Mageni alikuwa amekaa juu ya jiwe na kikombe mapajani, kinywa wazi kidogo kwa kiu, akingoja kama mtoto. Upenuni ardhi ilikwisha kupasuka. Mbuke aliingia ndani, akatoa debe, akasokota ngata ya kanga kuukuu, akatoka bila kuaga.

Sasa ni vizuri ieleweke kwamba Sayu palikuwa kwao Mbuke. Alizaliwa pale, akatolewa mahari pale, na mama yake, Holo, alikuwa bado anachota maji kwenye kisima cha ukoo, chini ya ukingo mrefu wenye mizizi. Njia nzima Mbuke alikuwa akiomba. Hakuomba mizimu wala Mungu wa misheni. Alikuwa akimwomba mama yake. Mama, ukiniona na debe hili nifukuze. Nitukane. Niulize nimezaliwa na nani. Shika jiwe unitupie mbele ya watu, nirudi mikono mitupu, nijue kwamba yupo mtu mmoja duniani aliyesema hapana.

Alimkuta kisimani, amepiga magoti, mkono umezama mpaka begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanone." Holo aliuchomoa mkono, akaufuta kwenye nguo. Alimtazama bintiye, akalitazama debe kavu. "Watu wa kwako hawajambo? Klara hajambo?"

"Hawajambo. Bibi yake ndiye ana kiu."

"Nimesikia. Mto wenu umehamia ukutani."

"Umehamia, mama."

"Na ukutani wanataka mchanga."

Mbuke aliitikia kwa kichwa. Akangoja. Alitua debe katikati yao wawili, mahali ambapo mguu wa mama ungeweza kulipiga teke bila shida, akasogea nyuma kidogo kumpa nafasi.

Holo aliinama akafikicha mchanga wa juu. "Huu wanaukubali?"

"Hapana," Mbuke alisema. "Wanataka wa chini. Ule safi."

"Ule wa kisimani."

"Ndiyo, mama. Ule wa kisimani."

Holo alitazama maji yake yanavyojikusanya polepole mle ndani, ya kata moja, safi kama jicho. Kisha akaiweka kata kando, akaingiza mikono yote miwili, akaanza kuukwangua ukuta wa kisima chake na kuumimina mchanga kwenye debe la mwanawe. Mbuke alitaka kusema acha. Mdomo ulifunguka, lakini humo mdomoni kulikuwa na bibi Mageni na kikombe chake, kulikuwa na mtoto wa upenuni, na neno halikupata pa kupita. Alisimama akimwangalia mama yake anavyochimba, kwa bidii, kwa usafi, akitoa vijiti na majani asije akarudishwa mtoto wa watu. Ukuta wa kisima ukaporomoka upande mmoja. Maji yakaingia chini, hayakuonekana tena.

Debe likajaa. Holo alilisawazisha juu kwa kiganja, akaikung'uta ngata, akaikalisha vizuri kichwani kwa bintiye. Wakashika debe wote wawili, huku na huku, na mama akamtwika.

"Kesho uwahi," alisema, akiutafuta mtungi wake. "Binti za wenzangu nao wameolewa huko kwenu."

"Ndiyo, mama," Mbuke aliitika, akaanza kupanda kilima.